Sabuni ya Siku Tisa

Siku ya tisa tangu ikatwe, sabuni ilikuwa bado inauma. Mama Ulimi aliigusa kwa ncha ya ulimi, akatema kwenye kopo lake, akasukutua maji, kisha akainama kugusa mche mwingine wa rafu ya chini, asije akaionea rafu ya juu. Wapi! Nao uliuma vilevile.

Msicheke. Ndivyo sabuni inavyopimwa na watu wanaoijua. Mafuta na magadi makali huchemshwa pamoja siku moja, lakini hayapatani siku hiyohiyo. Yanahitaji muda wa kuzoeana, kama wapangaji wapya wa nyumba moja. Sabuni iliyoiva ukiigusa kwa ulimi haikufanyi kitu. Iliyo mbichi inakuchoma. Mashine ya kupima ilikuwapo kiwandani, tena ya gharama, ila ilifunikwa kitambaa siku ilipofika ikaharibika ikiwa imefunikwa. Basi kwa miaka kumi na sita kiwanda kizima kilitegemea ulimi wa mwanamke mmoja. Yeye ndiye aliyegonga mhuri kwenye kadi ya kila rafu, na bila mhuri huo sabuni haikwenda kufungwa.

"Mama, vipi? Tunafunga?" aliuliza meneja, akiwa amesimama nyuma yake na karatasi zake kifuani.

Huyu alikuwa kijana, ameajiriwa miezi minne tu, msafi kuliko sabuni yenyewe. Wafanyakazi walimwita Bwana Asilimia, kwa sababu siku aliyojitambulisha alilitaja neno hilo mara kumi na tatu, na mtu mmoja asiye na kazi ya kufanya alihesabu.

"Bado, Meneja. Nipe wiki mbili hivi, labda tatu."

"Siku tisa zinatosha. Kampuni imeamua."

"Kampuni imeamua, lakini sabuni haijaamua."

Wanawake wa kufunga sabuni wakaangua kicheko. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana angemwambia faraghani huenda wangesikilizana. Kuchekwa mbele ya watu unaowaongoza ni kitu hata mtu mzima hukimeza kwa shida. Shingo ya kijana ilibadilika rangi.

"Sikiliza, Mama," alisema, sasa kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Kila siku sabuni inayokaa rafuni ni pesa iliyolala. Rafu zimejaa, hatuwezi kupika zaidi. Tena ikikaa inakauka, inapungua uzito asilimia kumi na nane. Kumi na nane! Tunatupa pesa hewani."

"Kinachopungua ni maji, Meneja. Tukiuza mbichi tutakuwa tunauza maji kwa bei ya sabuni."

"Gonga mhuri."

"Sigongi. Itachoma watu."

Bwana Asilimia hakubishana tena. Aliuchukua mhuri mezani, akasema mhuri ni mpira na wino tu, akaanza kugonga kadi mwenyewe, rafu baada ya rafu, nyingine akazigonga juu chini. Mama Ulimi alisimama na kopo lake mkononi akitazama. Hakuna aliyecheka tena. Saa nne haijafika alikwisha kupewa barua: arudi nyumbani, na Jumatatu aje na sahihi yake chini ya maneno kwamba siku tisa zinatosha kuivisha sabuni. Asipoweka sahihi, asisumbuke kuja.

Getini mlinzi alimfungua mkoba. Walikuwa wamefahamiana miaka tisa; mke wa mlinzi alipojifungua, Mama Ulimi ndiye aliyekwenda kufua nguo za mtoto.

"Samahani, dada. Kampuni imesema aliyesimamishwa apekuliwe." Alimvua aproni mabegani kwa mikono miwili, taratibu, kisha akatoa mkobani kifurushi cha vipande vya sabuni vilivyovunjika, ambavyo wafanyakazi walipewa kila wiki bure.

"Hata hivyo vipande?"

"Hata hivi," alisema mlinzi, asimtazame usoni.


Nyumba yao ilikuwa na vyumba vitatu, na cha mbele kilitazama barabara. Humo ndimo mumewe alimofanyia kazi yake ya udobi: meza ya kupigia pasi, waya uliojaa mashati, na nyuma, uani, mabeseni manne na kamba za kuanikia. Pato la dobi lililisha nyumba, na mshahara wa Mama Ulimi ulilipa pango. Kwa hiyo kila mmoja humo alielewa bila kuelezwa: mshahara ukikatika, chumba cha mbele kinakwenda, na dobi asiye na chumba cha mbele ni mtu mwenye mabeseni tu.

Mama mkwe, ambaye kazi yake ilikuwa kukunja nguo na kutoa maoni, aliisikiliza habari yote akiwa ameshika mguu mmoja wa suruali ya mteja.

"Gonga huo mhuri, mwanangu, yaishe. Mkono mtupu haulambwi."

"Na sabuni mbichi je, Mama? Hiyo inalambwa?"

Bibi alicheka hadi suruali ikamponyoka. Lakini akasema palepale, "Mimi nakutania, ila sikutanii. Miguu yangu hii ya kuhama nyumba tena iko wapi?"

Dobi aliweka pasi chini. Alikuwa mtu mpole, na watu wapole wakiogopa huongea maneno wasiyoyataka. "Weka sahihi, mke wangu. Ni karatasi tu, nani ataiona? Mhuri wenyewe ameshaugonga yeye."

"Wewe? Wewe dobi ndiye unayesema hivyo?"

"Mimi dobi, na mimi mpangaji."

Mama Ulimi alinyanyuka akaenda uani akaanua nguo ambazo hazijakauka. Ilimuuma kuliko sabuni. Si kwamba mumewe alikosea. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa amewaza vivyo hivyo njia nzima tangu getini, na alitumaini kumkuta mtu wa kumkataza.

Ijumaa ikapita hivyo, watu watatu ndani ya nyumba moja wakiombana chumvi kwa adabu nyingi. Jumamosi asubuhi, mumewe alipokwenda dukani, Mama Ulimi alikaa kwenye meza ya pasi, akaisoma barua mara mbili, akaweka sahihi. Aliiandika vizuri, herufi zote. Kisha akaiweka chini ya kitabu cha risiti, akajihisi mwepesi kama aliyetapika. Mwepesi lakini si mzima.

Dukani dobi alinunua mche wa sabuni, kwa kuwa vile vipande vya bure havikuja wiki hiyo. Lori la kiwanda lilikuwa limepita Ijumaa. Mche ulikuwa mzito, unameremeta, na alipoubonyeza kwa kidole gumba kidole kiliingia. Alishangaa kidogo, lakini alikuwa na mashuka ya nyumba ya wageni yaliyotakiwa siku hiyohiyo, akaanza kufua.

Mche ambao kwa kawaida ulimchukua wiki nzima uliisha kabla ya jua kuzama. Uliyeyuka kama sukari. Na mikono! Kwanza iliwasha. Kisha ikawaka. Alipomaliza shuka la mwisho ngozi katikati ya vidole ilikuwa imechanika, na viganja vilikuwa vyekundu kama vya mtu aliyepigwa fimbo. Aliificha mikono chini ya taulo, akaketi kunywa chai, na mama yake akamtazama anavyokishika kikombe kwa vifundo vya mikono.

"Hebu toa mikono hiyo."

"Si kitu, Mama."

"Nimekuzaa mimi. Toa."

Alitoa. Mama Ulimi aliona, akaenda kuleta mafuta, akapiga magoti mbele ya mumewe, akaanza kumpaka kidole kimoja kimoja. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta. Aliona haya kana kwamba yeye ndiye aliyemchoma.

"Usiweke sahihi," alisema dobi. "Nilikosea juzi. Nilisema kwa woga. Tutahama. Nitafulia popote."

"Nimeshaweka. Asubuhi."

Bibi aliguna. "Basi leo nyumba hii kila mtu amekosea zamu yake. Imebaki mimi." Wakaendelea kunywa chai, huku Mama Ulimi akikishikilia kikombe cha mumewe na kumnywesha, naye akilalamika kwamba inamwagika.


Jumapili asubuhi alikuja mteja wa mashati meupe. Dobi hakumjua kwa jina. Alikuwa na siku nyingi akimletea mashati matatu kila wiki, mashati yaleyale matatu, na alikuwa akimwita bosi kama alivyowaita wateja wote. Mama Ulimi hakuwahi kumkuta, maana aliondoka alfajiri na Jumapili alikuwa akilala mpaka mchana. Leo usingizi haukuja. Alitoka uani amebeba beseni, akasimama mlangoni.

"Meneja?"

Kijana aligeuka. Mfuko wa mashati ulikuwa bado mkononi mwake. "Mama? Unafanya nini hapa?"

"Nakaa hapa."

Dobi alimtazama mkewe, akamtazama mteja, akamtazama tena mkewe. "Ndiye?"

"Ndiye."

"Huyu?" alisema bibi kutoka kwenye kiti chake cha kukunjia. "Mbona mdogo hivi? Mimi nilidhani ni jitu."

Bwana Asilimia aliutazama mlango. Angeweza kuondoka, na alitamani sana kuondoka, lakini Jumatatu alikuwa na mkutano na wenye hisa, na shati safi hakuwa nalo hata moja. Alibaki amesimama, na mfuko wake kifuani kama alivyokuwa akishika zile karatasi.

Dobi hakupandisha sauti. Alitandaza mikono yake juu ya meza ya pasi, viganja juu, kwa sababu alitaka kuupokea mfuko na hakuweza kukunja vidole. Kijana aliiona mikono ile. Kisha, kwa vifundo vya mikono, dobi akatoa vitu viwili chini ya meza akaviweka mbele ya mteja: kipande kidogo kikavu cha sabuni ya zamani, alichokitunza kwa ajili ya nguo nyeupe, na mche mpya alioununua jioni ile ya Jumamosi kwa kuwa kazi haingoji mikono ipone.

"Bosi, hii ni sabuni ya mke wangu, na hii ni yako. Nikufulie kwa ipi?"

Kijana aliitazama sabuni moja, kisha nyingine. Nje mtu alipita na baiskeli akipiga kengele, akaenda zake hadi kengele haikusikika.

"Ile ya zamani," alisema.

Hakuna aliyecheka. Mama Ulimi angeweza kucheka. Alikuwa na haki, na mama mkwe alimtazama kana kwamba anamngojea aanze. Badala yake alivuta kigoda akamsogezea. "Kaa, mwanangu. Utaanguka."

Alikaa. Na alipokwisha kukaa maneno yakamtoka bila asilimia hata moja. Alisema naye alipewa barua. Wenye hisa wanataka faida ya mwaka huu ipande kwa robo, na isipopanda watamtafuta meneja mwingine. Alisema chumba anachokaa hakina hata dirisha, na pesa anazotuma kwao zinasomesha wadogo zake wawili. Alisema hakujua kama inachoma hivyo. Aliambiwa kwamba magadi ni magadi na watu wamezoea.

"Hukuonja?" aliuliza Mama Ulimi.

"Niliogopa."

"Haya. Sasa nisikilize mimi, maana nimekaa na jambo hili tangu Alhamisi na limenikaba." Alifuta mikono kwenye kanga yake. "Faida mimi siikatai. Ndiyo inayonilipa. Kampuni isiyopata faida inafunga, nami narudi nyumbani na kopo langu. Lakini hii ya kuuza maji ni faida ya siku moja. Mtu ananunua mara ya kwanza, anaungua, hanunui tena, anamwambia na dada yake. Mwakani utampa nini huyo mwenye hisa?"

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," alidakia bibi.

"Najua," alisema kijana. "Lakini rafu zimejaa kweli, Mama. Hilo sikudanganya."

"Zimejaa. Na chumba cha boila je?"

"Chumba cha boila kina mapipa."

"Mapipa matupu! Tangu niajiriwe yamo humo, matupu. Yatoe, weka rafu. Humo kuna joto mchana kutwa, linapotea bure, hilo hulionei uchungu? Sabuni ikiwekwa kwa nafasi, ikageuzwa kila siku, itaiva siku kumi na saba, kumi na nane. Niliwahi kusahau trei moja humo, nilipoikumbuka ilikuwa imeiva kabla ya wenzake. Lakini kitakachosema imeiva ni ulimi, si kalenda."

Kijana alimkodolea macho. "Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Nani aliniuliza? Miaka kumi na sita naulizwa swali moja tu: imeiva?"

Kijana akapapasa mifuko akitafuta karatasi. Dobi, asiyeweza kushika kitu, alionyesha kwa kidevu kitabu cha risiti, na kijana akachomoa karatasi iliyokuwa chini yake. Ilikuwa barua. Aliiona sahihi, herufi zote, akaisoma, akamtazama Mama Ulimi, naye Mama Ulimi akatazama sakafu. Kisha kijana akaigeuza na kuanza kuandika kwa nyuma: boila, mapipa, rafu ngapi, kugeuza nani. Waliandika mpaka chai ikapoa, wakabishana juu ya upana wa rafu, juu ya nani atafungua madirisha, na juu ya bei, kwa maana kijana alisema hata hivyo bei itabidi ipande kidogo, na Mama Ulimi alikunja uso lakini akamwacha aandike. Bibi ndiye aliyefua mashati matatu. Alisema tangu amzae mwanawe hajapata kumfulia mtu mwenye cheo, na kwamba kola ni chafu kama za watu wengine.


Wenye hisa walikubali. Karatasi iliyosomwa kwenye mkutano iliandikwa vizuri kwa mashine na ikaitwa Mpango wa Meneja, na Mama Ulimi hakutajwa popote. Siku alizokaa nyumbani zilikatwa kwenye mshahara. Alipofuata mhuri wake ofisini alikuta umeoshwa wino na kuwekwa juu ya kitambaa cheupe, na Bwana Asilimia akasimama kumkabidhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya meneja yeyote kabla yake. Wanawake wa kufunga walimpokea kwa vigelegele. Mlinzi wa getini alimrudishia kifurushi chake cha vipande vya sabuni, alichokuwa amekificha chini ya kiti muda wote huo. Alifurahi. Tuseme ukweli, alifurahi sana, na zile siku zilizokatwa alizisamehe kabla ya saa nne.

Lakini jambo moja hakulipata. Aliomba sabuni ya siku tisa irudishwe kutoka madukani. Kijana alipiga hesabu, akatikisa kichwa: iliyobaki kiwandani ataizuia, ila iliyokwisha kutoka imekwisha kutoka, malori ya kuifuata yatawafukuzisha kazi wote wawili. Alisema kwa huzuni na alimaanisha. Mama Ulimi alirudi kwenye rafu zake na hilo likimkaa moyoni.

Siku ya kumi na nane baada ya pishi la kwanza kuingizwa chumba cha boila, alionja, hakuchomwa, akagonga mhuri. Wiki iliyofuata sabuni ile ilifika duka la mtaani kwao. Mama Ulimi aliikuta alipokwenda kununua chumvi. Mbele yake alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni, ameushika mche mmoja akiugeuza kwa hasira.

"Na bei mmepandisha!" alikuwa akimwambia mwenye duka. "Hamna haya? Sabuni hii hii, mhuri huu huu, ndiyo iliyomchubua mwanangu. Tazama." Akavuta kola ya mtoto. Shingoni palikuwa na alama nyekundu, zimeanza kupona. "Nguo zake nilizifulia kwa hii. Alilia siku tatu. Kampuni hizi, zingekuwa na uso ningezitemea."

Mwenye duka alisema yeye anauza tu, hatengenezi. Mama Ulimi alisimama na sarafu zake mkononi. Mhuri ule wa kwanza hakuugonga yeye; aliukataa mpaka akasimamishwa kazi. Angesema hivyo, na ingekuwa kweli, na mwanamke yule angemwonea huruma. Lakini mtoto alikuwa akimtazama, na shingo ilikuwa ile pale.

"Samahani, mama," alisema. "Mimi ndiye mwenye huo mhuri."

Mwanamke aligeuka taratibu. "Wewe ndiye kampuni?"

"Hapa, leo, ni mimi. Nisemeshe mimi."

Alisemeshwa. Kwa muda mrefu, tena mbele ya watu, na hakujitetea hata mara moja. Maneno yalipomwishia mwanamke yule, Mama Ulimi alisema, "Ile haikuwa imeiva. Hii imeiva. Nakaa nyumba ya nne kutoka hapa, mlango wa dobi. Ikimchoma tena, usije kwa mwenye duka. Njoo kwangu."

Mwanamke alimpima kwa macho kutoka kichwani hadi kwenye ndala. Akaupima na mche. Akaubonyeza kwa kidole gumba, kidole kikagoma kuingia.

"Nipe nusu," alimwambia mwenye duka. "Nusu tu, nione."

Mwenye duka aliweka kisu juu ya mche akabonyeza. Hakikupita. Akabonyeza kwa mikono miwili, akajaribu na uzito wa kifua, mwisho ikabidi achukue jiwe la mizani akigonge.